Komeo kwa Ndani

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nilimnunulia mpwa wangu. Amelikataa, hataki kitu chochote kinachonuka shule. Mimi si mtu wa kuacha kitu kilicholipiwa kioze, kwa hiyo nitaliandika mwenyewe. Niliishia darasa la sita. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya bati.

Amefika juzi. Mwalimu mkuu alinipigia nikiwa juu ya ngazi: "Fundi, njoo umchukue mtoto wenu, amekuwa mtoro wa bweni." Mtoro wa bweni maana yake halali kitandani kwake. Walimkuta mara tatu stoo ya jikoni, juu ya magunia. Nilimkuta getini na sanduku, na godoro limefungwa kamba. Ni msichana wa miaka tisa. Mama yake, dada yangu, anatunza wazee nchi ya watu, ndiyo maana mtoto akawekwa bweni. Nyumbani tulimwita Kasuku, na shuleni jina likamfuata, maana tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza mpaka alale, na hata akilala alikuwa na nyongeza. Njia nzima hakutoa neno.

Nikamwonyesha chumba. Akautazama mlango, juu, chini, ubavuni.

"Mjomba, huu unafungiwa wapi?"

Nikajibu kwa majivuno ya mtu anayeishi kwa kutengeneza milango: "Nyumba hii vyumba havifungwi. Hapa hakuna mwizi."

Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Asubuhi nikakuta kitanda kimesukumwa mpaka mlangoni.

Leo baada ya chai amenieleza. Alikuwa anachambua ile kamba ya godoro, uzi mmoja mmoja, na hakuinua macho. Sentensi nne. Sitaziandika hapa. Ni zake. Nitaandika tu kwamba milango ya bweni lile ina makomeo kwa nje, kwamba jioni watoto hufungiwa ndani "kwa usalama wao", na kwamba mwenye funguo ni mlezi wa bweni.

Jumatatu, 4 Machi

Kituo cha polisi. Askari wa kaunta akamwambia aeleze, mbele ya bwana aliyeibiwa baiskeli. Akaeleza. Askari akafunga kalamu: "Kesi za watoto si zangu, nendeni mlango wa tatu." Mlango wa tatu, dawati la watoto, aeleze tena. Hospitali, daktari hajazi fomu bila kusikia kwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Ukinihesabu na mimi, tumefika wanne ndani ya siku mbili, na kila mara maelezo yalizidi kuwa mafupi. Najua chuma kinafanyaje ukikikunja mara nyingi mahali pamoja.

Mwisho, ofisi ya ustawi wa jamii. Mama wa makamo, miwani imefungwa uzi, ameketi nyuma ya mafaili kama mtu aliyejengewa ukuta. Akamwuliza mtoto jambo moja tu: "Leo umeshaeleza mara ngapi, mwanangu?" Mtoto akaonyesha vidole.

"Basi. Kesho."

"Mama, tumekuja leo," nikasema. "Nimefunga karakana."

"Nimesikia, baba. Kesho."

Mishahara ya serikali hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Ustawi wamepiga simu: kesho tena. Nimetengeneza komeo. Bapa la chuma la milimita nne, kipini cha kushika kimelainishwa kwa msasa mpaka hakichubui. Nilimwita achague urefu. Akasimama mlangoni, akaweka kidole usawa wa bega lake. "Hapa."

Nikamweleza kama ninavyomweleza mteja. Kwa nje nimeacha mkato mdogo, ili akiugua au moto ukitokea mtu aweze kufungua kwa bisibisi.

"Bisibisi atakaa nayo nani?"

"Unataka akae nayo nani?"

Akafikiri. "Mama Rangi."

Mama Rangi ndiye anayepaka milango yangu. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na hajanisifia hata bawaba moja. Akaipokea bisibisi, akaifunga kwenye ncha ya khanga yake. "Na huyu mjomba wako akitaka kuingia?"

"Abishe."

"Umesikia, tajiri? Nyumba yako mwenyewe, ubishe."

Mtoto akalijaribu komeo. Akafunga, akafungua. Tulimsikia muda mrefu, tak, tak, tak. Mama Rangi akajifanya anatafuta brashi, akatoka nje.

Jumatano, 6 Machi

Ustawi. Yule mama aliingia na mpwa wangu na askari mwanamke chumba cha pembeni, kinasa sauti mezani, mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi mpaka benchi likanichoka. Mtoto alipotoka alikuwa amechoka lakini hakuwa amekunjamana. "Alinipa chai kwanza," akasema. Hilo tu.

Mvua za kwanza.

Alhamisi, 14 Machi

Polisi wanasema wanasubiri barua ya ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu inasema haiwezi kuandika barua kabla ya barua ya polisi. Nimewauliza wote wawili kama wamewahi kukutana. Nilitoka huko nikaenda ustawi nikiwa nimeloa chapachapa. "Mama, jalada linaendaje?" Alikuwa kwenye simu, akaniinulia kiganja, akawa anaiambia ile simu: "Kesho. Nimesema kesho, mheshimiwa." Akakata, akanigeukia: "Subira, baba."

Nimempa jina. Bibi Kesho.

Jumapili, 17 Machi

Dada amepiga simu. Analia, anataka kuacha kazi apande basi. Nimemwambia asivunje mkataba, atanyang'anywa hata nauli, mimi nipo. Nilipompa mtoto simu aliishika kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mama, nina komeo."

Jumatano, 20 Machi

Habari imetoka redioni. Mheshimiwa mbunge wetu amekwenda kwenye geti la shule ile, akalia. Alilia kwelikweli, akatoa leso. Nilisimamisha mashine nikasikiliza. Nikamwambia Mama Rangi, hatimaye mtu mwenye moyo.

"Mwenye leso," akasema.

"We mama, huamini kitu."

"Naamini rangi ikishakauka."

Ijumaa, 22 Machi

Nitaandika yote, ingawa mkono hautaki.

Mheshimiwa alikuja karakana na magari matatu na kamera mbili. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Miaka yote hii nimebisha kwenye milango ya wakubwa na kuambiwa ngoja nje. Leo mkubwa amekuja mwenyewe, amekaa juu ya debe langu la rangi, ananiita kaka. Nilivimba. Sikatai. Akaniuliza najisikiaje kama mjomba, nikasema, kamera inaniangalia. Nikasimulia mateso yetu ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Akauliza, "Na mtoto yuko wapi? Tumsalimie tu."

Nikageuka kumwita. Kweli niligeuka, mdomo wazi. Mama Rangi alikuwa amesimama mlangoni na brashi inayodondosha rangi nyekundu ya kuzuia kutu. "Mtoto hayupo," akasema. "Na wewe kijana wa kamera, nguo yako nyeupe hiyo, usinisogelee."

Wakaondoka. Jioni nilikuwa kwenye taarifa ya habari. Mtoto hakutajwa jina wala hakuonyeshwa. Nilionyeshwa mimi. Mtaa huu una mafundi milango wangapi? Mmoja. Mwenye mpwa mmoja.

Jumamosi, 23 Machi

Alikwenda dukani kununua sabuni akarudi bila sabuni. Mwenye duka alimwambia, "Pole, mwanangu," mbele ya watu, kwa nia njema kabisa.

Ameingia chumbani. Tak.

Jumapili, 24 Machi

Hajatoka ila kwenda msalani. Nimeweka sahani chini mlangoni, nikabisha, nikaondoka.

Jumatatu, 25 Machi

Nimebisha, nikakaa chini sakafuni upande wangu. Nikamwambia mlango: nilikosea. Nilitaka watu wanione. Sikuona kwamba wakiniona mimi wanakuona wewe. Sitazungumza tena na mtu yeyote habari zako bila kukuuliza wewe kwanza.

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nikadhani hakusikia.

"Na Mama Rangi alidondosha rangi kwa makusudi?" akauliza ndani.

"Kwa makusudi kabisa."

"Wapi?"

"Kwenye kiatu cha kijana wa kamera."

Tak. Amefungua, kiasi cha kupitisha sahani.

Jumanne, 2 Aprili

Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule na ni wa chama kingine, amemjibu Mheshimiwa: shule ilisajiliwa chama cha Mheshimiwa kikiwa madarakani, kwa hiyo aibu ni yao. Mheshimiwa amejibu kwamba bodi ni ya diwani, kwa hiyo aibu ni yake. Wanapigiana danadana. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hawakusema nyasi ikiwa na miaka tisa inaitwaje.

Mvua. Hakuna kuchomelea nje.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama Rangi amemsuka nywele. Mtoto ameuliza kwa nini rangi ya kutu inatangulia na si ile nzuri. "Kwa sababu nzuri haishiki juu ya kutu, mwanangu. Itang'aa wiki moja, halafu ibanduke." Yameniingia mimi.

Jumapili, 14 Aprili

Leo amesema maneno mengi mfululizo, yote ya kunilaumu kwamba chai yangu ina sukari kidogo. Nimeongeza sukari.

Jumatatu, 22 Aprili

Iko kamati ya uchunguzi sasa. Imekaa wiki tatu, ikatembelea shule na chakula cha mchana kikiwemo, na imefikia pendekezo lake la kwanza, na ndilo pekee ambalo Mheshimiwa na diwani wamekubaliana: milango mipya ya chuma kwenye mabweni yote ya wilaya. Milango arobaini. Na kwa kuwa mimi ni "mdau aliyeguswa", barua ya zabuni na mchoro wa mlango vimeletwa kwangu kwa mkono.

Nimekaa nayo. Milango arobaini ni kazi ya mwaka mzima kwa karakana yangu, na sijawahi kupata hata dirisha moja la serikali. Mama Rangi ameusoma mchoro. Hakutania. Hilo likanitisha zaidi.

"Wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jumapili, 28 Aprili

Nilichora mlango wa zabuni kwa chaki juu ya bati, vipimo halisi, nione chuma kiasi gani kitahitajika. Nilikuwa nimepiga magoti nikipiga hesabu, mpwa wangu akaja akasimama upande wa kichwa cha mlango. Akaukagua kama siku ile ya kwanza.

"Komeo liko wapi?"

"Pale."

"Hapo ni ndani au nje?"

Nikaugeuza mchoro kichwani. "Nje."

Akavua kandambili, akaingia juu ya bati, akalifuta komeo kwa kisigino. Kisha akauliza swali ambalo kamati nzima na posho zake haikuliuliza, wala mimi sikuliuliza, na hiyo ndiyo inayoniuma:

"Funguo anazo nani sasa?"

"Mlezi amesimamishwa kazi. Ilitangazwa."

"Amesimama wapi?"

Nilitaka kucheka, nikaona hatanii.

"Nyumba yake iko nyuma ya bweni, Mjomba. Nukta analala kitanda cha chini, karibu na mlango."

Nukta ni rafiki yake. Nilikuwa namsikia zamani, kwenye zile hadithi zisizokwisha: mdogo kuliko wote, akikaa kwenye benchi miguu haigusi chini, ndiyo maana wakamwita hivyo. Tangu Machi hakuwa amemtaja.

"Ulikuwa unamfikiria muda wote huu?"

"Nilikuwa nakimbilia stoo kabla hawajafunga," akasema, akikaa chini juu ya mlango wa chaki, "nikamwacha yeye karibu na mlango."

Sijui kushika watoto. Nilimwuliza kwanza, nikasema naweza kukushika? Akatikisa kichwa kukataa, halafu akaja mwenyewe. Chaki yote ya zabuni imehamia kwenye shati langu.

Nimempigia mwalimu mkuu. Hapokei.

Jumatatu, 29 Aprili

Kamati ilikaa hadharani, ukumbi wa shule ileile. Nilimwuliza mpwa wangu kama naweza kwenda kuuliza lile swali lake. Akasema, "Uliza. Usiseme ni langu." Nikafunga vifaa nyuma ya pikapu ya jirani, maana mimi siendi mahali bila vifaa.

Mvua ilikuwa ya kumwagwa. Mheshimiwa kulia na leso yake, diwani kushoto, katikati mwenyekiti wa kamati. Bibi Kesho nyuma kabisa, kitambaa kichwani, viatu vya mvua.

"Tuanzie mwanzo," diwani akasema. "Shule hii ilisajiliwa wakati wa nani?"

"Tuanzie mwisho," Mheshimiwa akajibu. "Bodi mwenyekiti wake nani? Jitazame kwenye kioo!"

Makofi huku, miguno kule. Nikainua mkono.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Fundi. Mmeniletea zabuni ya milango."

"Basi uliza habari za milango."

"Ndizo hizo. Funguo za bweni la wasichana, leo hii, anazo nani?"

Wakatazamana. Mwalimu mkuu akasimama taratibu, akakohoa. "Kwa sasa, kwa muda tu, bado ziko kwa mlezi."

"Aliyesimamishwa?"

"Amesimamishwa kazi. Funguo ni suala la makabidhiano. Makabidhiano yanataka mpokeaji. Mpokeaji anateuliwa na bodi, na bodi haijakaa."

"Bodi haiwezi kukaa kabla kamati haijamaliza," diwani akasema haraka.

"Na kamati haiwezi kumaliza," akasema mwenyekiti, na nilimwona anajisikia mwenyewe anachosema, "kabla bodi haijaleta taarifa."

Ilibaki mvua kwenye bati. Nikadhani sasa. Sasa mtu atasimama.

Mheshimiwa akasimama. "Mnaona? Mnaona uzembe wa watu hawa?" Na diwani akasimama. Wakaanza upya.

Aliyekuja kwangu ni Bibi Kesho. Alipita katikati ya viti akidondosha maji. "Baba, vifaa unavyo?"

"Viko kwenye gari."

"Twende."

"Na barua ya ruhusa?"

"Kesho," akasema.

Umeme tuliuvuta kutoka jikoni. Milango miwili, makufuli mawili makubwa kwa nje. Mama yule akasimama nyuma yangu na mwavuli, haumkingi yeye, unakinga grainda na waya. Nimekata vyuma vingi maishani. Sijawahi kukata kufuli la serikali.

Mlezi akatoka nyumbani kwake, hatua chache tu, kandambili miguuni, rundo la funguo mkononi. Mtu wa kawaida. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani miezi miwili, na ni mtu wa kawaida, ana hata kikohozi. Grainda ilikuwa inazunguka mkononi mwangu. Nitaandika ukweli: niliifikiria. Bibi Kesho akaniwekea mkono begani. Hakuusukuma, aliuweka tu.

"Mnaharibu mali ya umma," mlezi akasema.

"Ndiyo, ndugu," akajibu mama yule. "Andika jina langu. Na hizo funguo nipe."

"Wewe si mpokeaji."

"Baki nazo basi. Hazina tena cha kufungua."

Makomeo niliyaondoa yote, nikayachomelea upande wa ndani, usawa wa bega la mtoto. Kufikia hapo wasichana walikuwa wametoka madarasani, wamejipanga chini ya ukingo wa paa kama nguo kwenye kamba. Mmoja akanisogelea. Mdogo, nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Wewe ndiye mjomba wa Kasuku?"

"Ndiye."

"Alituambia utakuja na mashine." Akalitazama komeo. "Alisema mjomba wake anakata mlango wowote. Tulidhani anatudanganya, yeye anaongea sana."

Nikamwambia moshi wa kuchomelea unatoa machozi, asinishangae.

Bibi Kesho hakurudi mjini. Alilala bweni, kwenye kitanda kilichokuwa cha mpwa wangu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemweleza yote. Aliuliza mara mbili kama Nukta alilijaribu komeo. Nikasema alilijaribu, lakini alisimama juu ya ndoo.

Jumatano, 8 Mei

Bibi Kesho amepewa barua ya onyo kwa kutofuata utaratibu. Nimekwenda ofisini kwake kumshukuru na kumpa pole, na nilikuwa nimejiandaa pia kumwambia, kwa adabu, kwamba angefanya haya Machi tusingefika hapa. Mimi si mtu wa kukaa na dukuduku.

Alinisikiliza. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Baba, tangu tarehe sita Machi wamemtaka mtoto huyu ofisi tano. Polisi wa mkoa. Elimu. Bodi. Kamati. Na mheshimiwa wako, huyo alimtaka jukwaani. Wote walitaka aanze mwanzo. Nikawaambia maelezo yake yapo, ameyasema mara moja, kwa utulivu, yamenaswa. Wakasema wanamtaka mwenyewe. Sina cheo cha kuwaambia hapana."

"Kwa hiyo?"

"Nikawaambia kesho. Kila walipopiga. Kesho haikatazwi na sheria yoyote."

Nilikaa. Lile jina nililompa nikalitafuna kama mchanga. Nilikuwa nimelisema hata mbele ya mtoto.

"Na sasa?"

"Sasa mwendesha mashtaka ameikubali sauti iliyonaswa. Mahakamani kutakuwa na chumba cha pembeni, ataulizwa mara moja tu, na nitakuwa naye, akitaka. Wengine wote wamechoka kusubiri." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndivyo nilivyokusudia."

Alhamisi, 16 Mei

Mlezi amekamatwa. Wasichana wengine wawili wamesema, kwa mama huyo, chumba kilekile, chai kwanza. Kesi itatajwa Julai. Sina hakika ya kitu. Kesi huwa na miguu, hutembea, huchoka, hukaa. Lakini yuko ndani, na funguo ziko kwenye bahasha ya ushahidi.

Mpwa wangu alipoambiwa alisema, "Mlango wa huko aliko unafungiwa wapi?"

"Nje."

Akatingisha kichwa kukubali, akaendelea kula.

Ijumaa, 24 Mei

Mheshimiwa amesema redioni kwamba ni juhudi zake zilizoondoa makomeo. Diwani amesema si kweli, ni bodi. Mama Rangi: "Basi waje walipe diski ya grainda, wagawane." Na zabuni ya milango arobaini nimeondolewa, kwa kuharibu mali ya umma. Amepewa fundi mwingine. Nimemtumia mchoro wangu, makomeo ndani, mkato wa bisibisi nje, bure. Mimi, kutoa kitu bure! Amejibu atatengeneza hivyo, na wakimwuliza atasema alisoma mchoro kinyume.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua zimepungua. Kasuku amezungumza tangu nilipofungua karakana mpaka nilipofunga. Mama Rangi ameomba nyongeza ya mshahara kwa ajili ya masikio.

Jumatano, 5 Juni

Bibi yake Nukta, anayemlea, amelazwa. Bibi Kesho (nimemwuliza kama naweza kuendelea kumwita hivyo, akasema ni cheo kizuri kuliko alichonacho) ameuliza kama Nukta anaweza kuja kwetu likizo. Nikasema si mimi wa kuulizwa. Tukamwuliza mwenye chumba. Mwenye chumba alisema atafikiri, akafikiri mpaka mlangoni na kurudi.

Jumamosi, 8 Juni

Ukurasa uliotangulia huu, uliokuwa mtupu, umechanwa. Asubuhi nilimkuta Kasuku amelichukua daftari, lilelile alilolikataa. "Nilihitaji karatasi, Mjomba. Sikusoma." Juu ya karatasi amechora mlango, na komeo, na mstari unaoshuka.

"Litoe pale. Liweke hapa."

"Pale ni usawa wako. Ulichagua mwenyewe."

"Mimi nafika chini pia. Yeye hafiki juu."

Nimelishusha inchi nne. Mashimo ya zamani yamebaki. Mama Rangi alikuja na lipu ya kuziba, Kasuku akasema yaache, ndiyo tutapimia akikua.

Nukta amefika saa tisa na mfuko mmoja. Sanduku hana. Wameingia chumbani. Nikasikia tak, halafu mabishano: nani amefunga, ilikuwa zamu ya nani, na kwamba mgeni ndiye afunge kwanza, hapana mwenyeji, hapana mdogo. Tak, tak. Kasuku akatoa hotuba ndefu ya sheria za chumba. Nilikuwa na sahani mbili za chakula, mikono imejaa, nikabisha kwa kiwiko.

Miguu ikakimbia mpaka mlangoni.

"Nani?" Sauti ndogo, si ya Kasuku.

"Mjomba."

Wakanong'onezana muda mrefu.

"Subiri," akasema Nukta.

Chakula kilikuwa kinapoa. Nikasubiri.